Pombe ya Watawa na Mbege ya Uru

 

Hapa Uru kila mtu aijua mbege. Ndizi mbivu huchemshwa, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Maji yake huchujwa na kuchanganywa na uji wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa. Gome la msesewe hutia uchungu. Leo tutailinganisha mbege na pombe ya watawa wa Ubelgiji, tupate kujua kwa nini pombe hazifanani.

Mtakatifu Benedikto aliandika katika Kanuni yake kwamba watawa waishi kwa kazi ya mikono yao. Kwa hiyo nyumba nyingine za watawa Ulaya hulima, hutengeneza jibini na hupika pombe. Watawa wa Westmalle walikunywa pombe yao ya kwanza mezani mwaka 1836. Baadaye wakauza pia, wapate fedha za kuendesha nyumba yao na kusaidia wenye shida.

Kazi yao yafanana na ya mama zetu. Nafaka huoteshwa, utamu wake hutolewa kwa maji ya moto, na hamira huugeuza utamu huo kuwa kileo. Lakini nafaka yao ni shayiri, na uchungu hutoka katika maua ya mmea uitwao hopsi.

Tena, nyumba moja hupika pombe za namna mbalimbali. Ile ya mezani kwa watawa ni nyepesi. Iitwayo Dubbel ni ya kahawia, na katika kila sehemu 100, sehemu 7 ni kileo. Iitwayo Tripel ni ya rangi ya dhahabu, na kileo chake ni sehemu 9 na nusu. Basi, mwenye kupima ukali kwa rangi atadanganyika. Mwenye kusoma tarakimu kwenye chupa hadanganyiki.

Kata ya mbege haina tarakimu. Nayo mbege ikikaa, hamira huendelea na kazi. Ya kesho huwa kali na chachu kuliko ya leo. Kwa hiyo, kabla ya kunywa, muulize mpishi: "Mama, hii umeichanganya lini?"

Maswali:
1. Uchungu wa mbege hutoka wapi? Na wa pombe ya watawa?
2. Ipi ni kali zaidi, Dubbel au Tripel?
3. Andika sentensi moja: kwa nini mbege ya jana si sawa na ya leo?