Kwa Nini Uloto wa Ndugu? Somo Kutoka kwa Panya wa Maabara

Tangu mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza uloto baadhi ya watoto wenye selimundu (sikoseli), ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa. Uloto ni tishu iliyo ndani ya mifupa, nayo ndiyo izalishayo damu. Mzazi wa Nyakato anayesikia habari hizi huuliza: kwa nini hutafutwa kwanza ndugu wa mtoto, ilhali mama yuko tayari kutoa wake?

Chembe za mwili hubeba protini za utambulisho, ziitwazo HLA kwa binadamu. Mwaka 1974, mjini Canberra, Australia, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel waligundua kwamba chembe T, askari wa kinga, za panya aliyeambukizwa virusi ziliua chembe zenye virusi hivyo za panya wa utambulisho uleule, lakini ziliziacha za panya wa nasaba nyingine. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Majaribio ya upandikizaji yaliyofuata yalionyesha kwamba chembe T hufundwa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Uloto wa panya chotara wa nasaba mbili ulipopandikizwa kwa panya wa nasaba moja kati ya hizo, chembe T zilizozaliwa zilitambua zaidi virusi vilivyokuwa katika chembe za nasaba ya mwenyeji. Yaani, mbegu ni ya mtoaji, mafunzo ni ya mwenyeji.

Nasaba zikitofautiana kabisa, hatari ni mbili. Chembe T zilizokomaa za mtoaji huweza kuushambulia mwili wa mwenyeji. Zile changa, zilizofundwa utambulisho wa mwenyeji, hukutana na chembe za damu zenye utambulisho wa mtoaji. Ushirikiano hulegea, na maambukizi hupata mwanya.

Mtoto hurithi nusu ya HLA kwa kila mzazi, hivyo mama kwa kawaida hulingana naye nusu tu. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 wa kulingana naye kikamilifu. Wakiwa wawili, uwezekano wa kumpata angalau mmoja ni takriban asilimia 44. Ndugu mwenye jeni moja tu ya selimundu, asiyeugua, anaweza kutoa.

Asiyempata mtoaji asikate tamaa wala asiache kliniki: haidroksiyurea na kinga dhidi ya maambukizi bado huokoa maisha.