Kufanya ekonomi si kuwa mchoyo

Hapa kwetu Mudzipela, mtu akishuka kutoka Mongbwalu, habari inamtangulia. Barabara ni kilomita kama 80, lakini kabla hajavua hata buti, majirani wamekwisha kuja kusalimia. Wengine wanakuja kwa furaha, wengine wanakuja kuangalia mkono wake. Akitoa kreti ya bia, ni mtu wa watu. Akitoa chai na mkate, wanatoka wakisema: "Huyu iko mchoyo sana."

Baba yangu mdogo aliitwa hivyo miaka na miaka. Siku dhahabu ilipotoka na wenzake wakaenda kunywa, yeye alikwenda kulala. Alikuwa na suruali mbili, simu ndogo ya vibonye, na sahani yake ilikuwa fufu na ndakala, jana, leo na kesho. Lakini watoto wake hawakufukuzwa shuleni hata siku moja. Na matanga ikitokea kwenye avenue yetu, yeye alitoa mchango mapema bila kungoja aulizwe. Mimi hiyo naiita ekonomi. Alikata kwenye kinywa chake mwenyewe, na alijua anakata kwa ajili ya nini.

Sasa, baba mdogo huyo huyo, alipopata shimo lake na kuwa PDG, alifanya jambo ambalo ninaliandika hapa kwa ruhusa yake. Yeye mwenyewe anawasimulia vijana kila anapopata nafasi.

Ilikuwa wakati wa mvua. Maji yaliingia shimoni na kazi ikasimama. Walikuwa na mashine ya kuvuta maji, ya petroli. Wachimbaji wanaijua shida yake: mashine ya namna hiyo ikikaa juu, inavuta maji mpaka mita 7 hivi chini yake, zaidi ya hapo inashindwa. Hata ukinunua yenye nguvu mara mbili, ni vile vile, kwa sababu kinachopandisha maji ndani ya mpira ni uzito wa hewa ya nje. Shimo lao lilikuwa limepita kina hicho. Kulikuwa na njia mbili nzuri: kukodi pampu ya umeme ya kuzamisha majini, jenereta ikibaki juu mahali pa hewa, ao kuweka watu wengi wavute maji kwa ndoo na kamba, kwa zamu. Njia zote mbili zinakula makuta.

Akachagua ya tatu. Walishusha mashine chini.

Moshi wa petroli unabeba gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, na katika damu inakaa pale ambapo hewa nzuri ingekaa. Mtu anasikia kichwa kinauma kidogo, miguu inalegea, basi. Kijana aliyeshuka kuongeza petroli hakujibu alipoitwa. Wa pili akafungwa kamba kiunoni, akashuka kumtafuta, naye akaanguka. Huyo walimvuta kwa kamba akapona. Wa kwanza walimtoa baadaye. Alikuwa na mtoto mmoja, na mke wake alikuwa na mimba.

"Ile haikukuwa ekonomi," baba mdogo anasema. "Nililipa na pumzi ya mutoto ya wengine."

Mpaka leo analipia shule ya wale watoto wawili. Shimo alilifunga.

Tangu hapo, nikisikia mtu anasifiwa kwamba anajua kutunza mafranga, nauliza kwanza: nani analipa? Zamani za Kilo-Moto, kampuni ndiyo ilinunua mashine. Tangu 1982, serikali iliporuhusu raia wachimbe wenyewe, kila shimo linajinunulia vitu vyake. PDG akipunguza miti ya kushikilia udongo, faida inabaki mfukoni mwake, na udongo unawaangukia wengine. Miti ya kalitusi imejaa kwenye vilima vyetu, haitoki Ulaya!

Na wababa, tusiseme PDG peke yake. Tuangalie nyumbani. Wako wanaorudi na dhahabu iliyoshikana na zebaki, wanaichoma jikoni, juu ya makala ya mama, pengine katika chombo ambacho kesho kitapikiwa sombe. Wanasema hawana makuta ya kununua retoti. Retoti ni nini? Ni chombo cha chuma chenye kifuniko na mrija. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa vipande vya bomba la maji. Mvuke unapita kwenye mrija, unapoa, na zebaki inarudi kuwa maji maji, unaitumia tena. Kwa hiyo anayechoma wazi anatupa zebaki aliyoinunua, na inakwenda kwenye mapafu ya watu wa nyumba. Inaharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni ndiye anaumia zaidi. Hata retoti yenyewe itumike nje, mbali na chakula na watoto. Hapa choyo hakimfaidii hata mwenye choyo, na bado tunakifanya.

Kuna na choyo kinachojificha ndani ya bia. Mtu huyo kwenye baa ni mfalme, analipia meza tatu. Mke wake anaomba ya sabuni, anajibiwa: "Hali ni mbaya." Ajabu ni kwamba avenue nzima itakwambia ana roho nzuri.

Wamama wengi wamejifunza hesabu hii mbele yetu. Kikundi cha akiba, kile tunaita AVEC, kilianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, na sasa kiko mpaka kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne. Kila mkutano mtu ananunua sehemu moja mpaka tano, kwa nguvu yake. Mwanachama anaweza kukopa, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi mwaka mmoja, wanagawana pamoja na faida ya mikopo. Mwenye kununua sehemu moja hachekwi.

Shangazi, mke wa baba mdogo, anashika ufunguo mmoja. Mwaka huu alikopa humo, akawapa vijana wa shimo jipya nusu ya makuta ya kukodi pampu ya umeme. Nusu nyingine walijikata wenyewe kwa kuacha bia miezi miwili. Nilikwenda kusalimia Jumapili. Baba mdogo alinipa chai na mkate, bila siagi.