Tiba ya Jeni kwa Ugonjwa wa Parkinson
Mgonjwa wa Parkinson hutetemeka na kukakamaa kwa sababu seli za ubongo zitengenezazo dopamini hufa. Zinapopungua, sehemu nyingine ya ubongo husisimka kupita kiasi. Mnamo 2003, mjini New York, madaktari walianza kuituliza sehemu hiyo kwa jeni iliyopenyezwa kwa kirusi. Kirusi hicho, ambacho kwa desturi tungekiogopa, hapa ni mchukuzi tu. Katika jaribio la wagonjwa 45, lililochapishwa 2011, waliotiwa jeni walipata nafuu ya asilimia 23.1 baada ya miezi sita. Ajabu ni kwamba waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza, pasipo jeni, nao walipata asilimia 12.7! Basi ni tofauti baina ya tarakimu hizo tu iwezayo kuhesabiwa kuwa kazi ya jeni.