Nyongo ya Mama, Njaa ya Mtoto

Mwasho huanzia viganjani na kwenye nyayo, mara nyingi baada ya mwezi wa saba wa mimba, na usiku huzidi. Upele hakuna, zilizopo ni alama za kucha za mjamzito mwenyewe. Wengi huambiwa ngozi inavutika tu. Kumbe kwa baadhi yao tatizo ni ini: nyongo haitiririki vizuri kwenda utumboni, na asidi zake hujaa kwenye damu.

Kinachowatisha zaidi madaktari ni mtoto kufia tumboni, hatari inayopanda sana asidi hizo zikifika maikromoli 100 kwa lita. Mama akishajifungua, mwasho huisha, na habari ya ini husahaulika.

Lakini mtoto je? Mwaka 2013, Catherine Williamson na wenzake wa London walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za watoto waliozaliwa kaskazini mwa Finland mwaka 1985 na 1986. Walipotimiza miaka 16, wavulana ambao mama zao waliugua hivyo walikuwa na uzito mkubwa zaidi kwa kimo chao, na wasichana walikuwa wapana zaidi kiunoni na kwenye nyonga. Kisha wakageukia panya. Watoto wa kike wa panya waliougua wakiwa na mimba, walipopewa chakula cha mafuta mengi, walinenepa kupindukia, wakapata kisukari na ini lenye mafuta. Wenzao waliotoka kwa mama wazima walikula chakula hichohicho bila kufika huko. Basi tusiwe wepesi wa kumwita mtoto mlafi.

Nyongo inahusianaje na njaa? Shuleni tulifundishwa kwamba nyongo ni kama sabuni ya kuvunja mafuta ya chakula. Ni kweli, ila asidi zake hubeba pia ujumbe. Utumboni hugusa kipokezi kiitwacho TGR5, na seli hutoa GLP-1, homoni ya shibe (ndiyo inayoigwa na sindano za kupunguza uzito zinazovuma siku hizi). Mwaka 2021 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba panya akishakula, asidi hizo hufika hadi haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia hamu ya kula, na kwa muda mfupi hutuliza neva zinazochochea njaa.

Kwa binadamu, mtandao wa neva hizo hujengwa kwa sehemu kubwa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, majira yaleyale ya mwasho. Kwa kawaida mtoto huzipitisha asidi zake kwenye kondo la nyuma ili ini la mama liziondoe. Mama akiugua, mkondo hugeuka, na ubongo unaojengwa huogeshwa na ujumbe uliopaswa kuja na kupita. Mimi naona dhana hii, kwamba njaa ya mtoto huvurugwa hivyo tangu tumboni, ina uzito.

Hata hivyo, kule Finland walipima viuno, hawakupima sahani. Utafiti uleule ulikuta kolesteroli nyingi zaidi ikivuka kondo la nyuma, na hiyo peke yake yaweza kuvuruga mwili wa mtoto bila kugusa njaa yake. Panya naye ana kasoro yake kama shahidi: neva zake za njaa hukamilika baada ya kuzaliwa, wakati damu ya mama haimfikii tena.