Bwawa Linalojijaza Lenyewe

Serikali ya Kenya ilipoanza kuwachimbia wakulima mabwawa ya samaki mwaka 2009, kipimo kilikuwa bwawa la mita 300 za mraba na vifaranga 1,000 wa tilapia. Samaki watatu na ushei kwa kila mita ya mraba: hapo hakuna msongamano. Tatizo ninalolikuta Kisii na Nyamira ni kwamba hesabu hiyo huvunjika ndani ya miezi michache, wala mkulima hajaongeza hata kifaranga mmoja.

Tilapia hupevuka angali mdogo. Jike huatamia mayai kinywani mpaka vifaranga wajimudu, kisha hutaga tena. Kwenye bwawa la madume na majike, chakula kile kile hugawanywa kwa vinywa vinavyozidi, na samaki hudumaa. Baridi ya milima yetu huongeza shida. Tilapia hustawi maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Yakipoa chini ya 20, hamu ya kula hupotea. Basi samaki hukaa bwawani muda mrefu zaidi, wakisongamana zaidi.

Nenda bwawani alfajiri uone matokeo ya msongamano huo. Mimea midogo inayoyapa maji ukijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huitumia pamoja na samaki. Ukiona samaki wamejaa juu ya maji wakitweta, wanakosa pumzi. Wengi hudhani ni njaa, wakawamwagia pumba. Pumba hiyo huoza, na kuoza kwake humaliza oksijeni iliyobaki. Acha kulisha, acha mbolea, fungulia maji mapya yaanguke kutoka juu.

Wapo wasiojali mateso hayo: bado nasikia kwamba samaki hana maumivu. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake, huko Scotland, walionyesha kuwa samaki aina ya trauti ana neva za maumivu usoni. Waliodungwa asidi mdomoni walijisugua kwenye changarawe na kuchelewa kula. Sioni kwa nini tilapia wetu afikiriwe vingine.

Ili kuzuia msongamano, nunua vifaranga madume watupu. Wakikosekana, weka kambare wachache wawale vifaranga wanaozaliwa, ila wakati wa kuwaingiza wawe wadogo kuliko tilapia wako. Punguza samaki kwa wavu kabla hawajabanana, na wale unaowatoa uwaue papo hapo kwa pigo la kichwani. Kuwaacha wakipapatika kwenye ndoo kavu ni mateso yasiyo na faida kwa yeyote.