Leo mwezi ngapi?

Mwaka juzi, ukoo wetu ulipopanga matembezi ya pwani, kila mtu aligawiwa mzigo wake. Huyu kuku, yule mkaa, wa tatu deli la barafu, na kijana mmoja mwenye marafiki stendi akapewa kazi ya kutafuta Coaster. Mimi niliachiwa kuchagua tarehe, kwa hoja kwamba kazi yangu ni kupima bahari. Nikaangalia mshahara unatoka lini, nikaangalia ratiba ya ligi tusije tukagongana na Simba na Yanga, nikatangaza Jumamosi. Tulifika ufukweni saa nne asubuhi, watoto wamevaa nguo za kuogelea tangu nyumbani, na bahari haikuwepo. Mbele yetu kulikuwa na mchanga wenye makunyanzi, majani bahari yaliyolala, ngalawa mbili zimeinamia ubavu, na mbali kabisa, kwenye mwamba, mstari mweupe wa mawimbi. Shemeji yangu wa Mwanza, ambaye ziwa lake halijawahi kumfanyia hivyo, akauliza kama huku maji huwa yanafungwa wikendi. Shangazi hakucheka. "Mwanangu, si wewe ndiye mtu wa bahari? Hukujiuliza leo mwezi ngapi?"

Swali la shangazi halikuhusu Juni wala Oktoba. Mtu wa mwambao akiuliza hivyo anataka kujua zimepita siku ngapi tangu mwezi uandame, na ukishampa jibu amepata karibu kila anachohitaji: maji yatatoka mbali kiasi gani, saa ngapi yatarudi, na kama kuna haja ya kubeba mataulo. Mimi ofisini nina majedwali na kompyuta. Yeye ana vidole kumi na kumbukumbu, na siku ile ndiye aliyekuwa sahihi.

Mwezi huivuta bahari. Upande wa dunia unaoutazama mwezi huvutwa zaidi, upande wa nyuma huvutwa kidogo, kwa hiyo maji hutuna pande zote mbili, nasi dunia ikizunguka tunapita kwenye vituta hivyo viwili kila siku. (Haya ni maelezo ya ubaoni. Bahari ya kweli ina mabara yanayoizuia na vina tofauti, lakini kwa safari ya Jumamosi yanatosha.) Kutoka mjao mmoja hadi mwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi, na kwa kuwa mijao ni miwili kwa siku, kesho maji yatachelewa kama dakika 50 kuliko leo. Jua nalo linavuta, ila kwa umbali wake nguvu zake katika kazi hii hazifiki nusu ya zile za mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja: hilo ndilo bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake na maji yanakosa nguvu. Wavuvi huyaita maji mafu. Bahari ni nzito na huchelewa kutii, hivyo bamvua lenyewe hufikia kilele siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka.

Kwa Dar es Salaam na Unguja, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku ya bamvua la kawaida ni zaidi kidogo ya mita 3, na karibu na Machi na Septemba huongezeka. Siku ya maji mafu ni kama mita 1 tu. Mita 3 zinaonekana chache mpaka uzilaze. Pwani zetu nyingi zina mteremko mdogo sana. Ufuko unaoshuka mita 1 katika kila mita 100 utaachwa wazi mita 300 maji yakipwa. Hapo ndipo ilipokwenda bahari ya shemeji.

Mpaka hapa ni elimu ya shule. Jambo linalofuata wavuvi wanalijua na sisi wa mjini tumelisahau, na kwa mpangaji wa matembezi lina thamani kuliko yote: kila bandari ina saa yake ya bamvua, na saa hiyo haihami. Kwa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, siku ya bamvua maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne au tano, asubuhi na usiku. Iwe Januari, iwe Julai. Siku za maji mafu hugeuka: yanajaa saa nne au tano asubuhi na kushuka, tena kwa unyonge, jioni. Hutaona bamvua kubwa limejaa adhuhuri. Kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 kimesimama juu ya saa hiyo. Akina mama wanajua wiki ya kuingia shambani na wiki ya kubaki nyumbani bila kufungua simu.

Sasa chukua Jumamosi mbili zinazofuatana. Dakika 50 kwa siku, kwa siku 7, ni saa sita kasoro dakika chache, yaani kama safari nzima kutoka kujaa hadi kupwa. Ikiwa Jumamosi hii saa nne asubuhi maji yako miguuni pa mnazi, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo yatakuwa mwambani. Ile ya tatu yanarudi. Wikendi zetu zinapishana namna hiyo, ya maji na ya mchanga, na mtu aliyeharibikiwa wiki hii angefaulu kwa kusogeza safari siku saba tu. Mpishano huu wenyewe unateleza taratibu, kama dakika 40 kila wiki mbili, hivyo baada ya miezi minne na nusu hivi zamu hubadilika. Usikariri zamu. Tazama mwezi.

Sikukuu zinazofuata mwezi zina bahari yake maalumu, na sijui kwa nini hili halitangazwi redioni pamoja na salamu za Idd. Idd el-Fitri ni tarehe mosi Mfunguo Mosi. Mwezi umeandama jana. Basi Idd na Idd pili, siku ambazo Coco Beach hakuna pa kuweka mguu, huangukia bamvua kila mwaka. Atakayefika saa nne atakuta mchanga na muuza mihogo. Atakayefika saa tisa atakuta maji yanapanda kwa kasi, na jioni watoto waliozoea mchanga wa asubuhi watashangaa kina kimetoka wapi. Idd el-Hajj ni tarehe 10 Mfunguo Tatu, siku chache baada ya nusu mwezi: maji mafu, bahari ya kupanda na kushuka kidogo, rahisi kwa wenye watoto wadogo. Pasaka nayo ina mwezi ndani yake, kwa kuwa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi. Ijumaa Kuu mara nyingi haiko mbali na bamvua, tena bamvua la msimu wa makubwa. Krismasi na Sabasaba hazina mkataba na mwezi. Hizo utazitafutia jibu kila mwaka.

Nimewahi kusikia watu wakisema wiki ya bamvua isitumike kwa matembezi. Nakataa. Siku ya bamvua ndiyo tajiri kuliko zote, ila tunaitumia kinyumenyume: tunafika asubuhi kuogelea, maji hayapo, tunakula kwa hasira, tunafunga virago saa tisa wakati bahari ndiyo inabisha hodi. Igeuze. Asubuhi ni ya kutembea. Wavishe watoto viatu vya plastiki, muyafuate maji wakati yanatoka, na vidimbwi vilivyobaki vitawaonyesha kiti cha pweza mwekundu mwenye madoa, jongoo bahari, kaa anayejificha ndani ya kombe la mwenzake, samaki wadogo waliochelewa kuondoka. Mama mmoja mwenye ndoano ya kuchokolea pweza atawafundisha zaidi ya mimi. Mchana, jua likiwa kali, kaeni kivulini mle, wazee wasinzie. Saa tisa maji yanawafuata yenyewe, yamepita juu ya mchanga uliopigwa jua kutwa, yana uvuguvugu wa maji ya kuogea mtoto. Mnaogelea mpaka saa kumi na moja na nusu.

Kutembea mwambani kuna hatari moja inayostahili kuelezwa taratibu, kwa sababu watu huidharau. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa mpando mzima mafungu 12, saa ya kwanza huingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mpando wa mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, na mtu anajiambia bado kuna muda. Saa ya tatu ni sentimita 75. Kwenye ule ufuko wetu wa mita 1 kwa 100, ukingo wa maji unakufuata mita 75 kwa saa, zaidi ya mita 1 kila dakika. Si kasi ya kukushinda kukimbia. Tatizo ni kwamba hayaji kutoka mbele. Kati ya mwamba na ufuko mara nyingi kuna bonde, na bahari huingia kwanza kupitia mlango wa mwamba na kujaza bonde hilo, nyuma ya mgongo wako, wakati wewe umeinama unatazama pweza. Ukigeuka, ulipopita kwa kifundo cha mguu ni kiunoni, na una mtoto mkononi. Kwa hiyo anza kurudi maji yanapoanza kusimama, usingoje yaanze kupanda. Na mkiwa majini penye mchanga, buruzeni nyayo badala ya kuzinyanyua. Taa aliyejifukia akihisi mburuzo huondoka, akikanyagwa huchoma.

Si kila pwani inaguswa sawasawa. Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, zina uwanda mpana nyuma ya mwamba, na huko maji yakitoka yametoka. Nungwi na Kendwa, kaskazini, kina kiko karibu, na mtu anaweza kuogelea saa yoyote. Ndiyo sababu mojawapo ya bei za kule. Michamvi Pingwe kuna mgahawa juu ya jiwe ambao unaweza kuuendea kwa miguu na kuuondokea kwa mashua siku hiyohiyo. Fungu la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe, hufunikwa maji yakijaa, hivyo ukikodi boti ya kwenda huko, swali la kwanza kwa nahodha liwe maji yanajaa saa ngapi, la bei lifuate. Wakazi wa Dar wanaokwenda Mbudya au Bongoyo, visiwa vilivyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, wajue kwamba kushuka na kupanda boti ni rahisi au vigumu kufuatana na kina cha saa hiyo. Bibi yenu hapaswi kukunja gauni mpaka magotini kwa sababu ninyi hamkuuliza. Makombe na matumbawe yabaki kisiwani.

Upepo ni habari nyingine, nitaitaja tu. Kusi ikishika, Juni na Julai, bahari ya nje huchafuka hata kama maji ni mafu, na boti ndogo si mahali pa mtoto. Katikati ya kusi na kaskazi, matanga kati, ndipo maji hutulia na kuwa kioo. Mwezi hauwezi kukuambia hayo. Nahodha anaweza, na akisema leo hapana, usimbembeleze.

Asiyeamini macho yake atazame majedwali ya maji ya bandari. Zile tarakimu za mita hazipimwi kutoka mchangani unaposimama. Zinapimwa kutoka usawa wa chini ambao maji hupwa kwa nadra kuupita. Kujaa kwa 3.6 na kupwa kwa 0.3 ni bamvua. Kujaa kwa 2.4 na kupwa kwa 1.5 ni maji mafu. Huhitaji kusoma zaidi ya hapo.

Mwaka jana tulirudi ufuko uleule, na safari hii tarehe aliichagua shangazi. Akachagua bamvua makusudi, mwezi pili. Tulitoka nyumbani bila haraka, tukafika saa nne, na watoto wakaondoka na ndoo kuelekea mwambani nyuma ya shemeji, ambaye alikuwa amenunua viatu vya plastiki vya njano. Saa saba pilau. Saa nane nusu ya ukoo imelala juu ya mikeka. Saa tisa na nusu mtoto wa miaka mitano akaja kunivuta shati, akanionyesha maji yamefika kwenye mtaro aliouchimba asubuhi. Saa kumi na moja dereva wa Coaster akapiga honi, kwa sababu tulikubaliana saa kumi na moja. Akapiga tena. Shangazi alikuwa majini mpaka kifuani, na khanga yake imeelea pande zote kama ua, akampungia mkono asubiri.