Wauguzi Wangojao Kazi

Katika nyumba nyingi za Ufipa yumo kijana aliyemaliza chuo cha uuguzi, naye angali akingoja ajira ya Serikali. Wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili ya karo huanza kumnung'unikia, kana kwamba ni mvivu. Sivyo. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili iwatafute watumishi hewa. Na Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wenye vyeti halali nao walingoja.

Basi afanyeje? Leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga asiiache ipitwe na muda, maana bila hiyo haruhusiwi kuuguza. Majina katika vyeti vyake yalingane herufi kwa herufi. Aulize pia katika hospitali za Kanisa, kama ile ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga. Na akingoja jibu, asione haya kulima ntumba pamoja na mama yake.

Tena akija mtu kwenu usiku, akisema, "Toeni fedha kidogo, jina litapita," mfungieni mlango. Maombi ya kazi hizo hayana malipo. Fedha hiyo heri ilipie leseni.